Ng'ombe wa Kerubo

Kerubo dada yangu,

Mchungaji alisema kaburini kwako kwamba wafu wamelala, hawajui neno lolote mpaka asubuhi ile watakapoitwa. Mama aliitikia Amina, nami nikaitikia. Kwa hiyo najua haya hutayasoma leo. Lakini mtu aliyelala huachiwa chakula chake kimefunikwa, akiamka akikute. Barua hii ni chakula kilichofunikwa.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha yetu ya kujifichia. Unakumbuka tulivyokuwa tukimsengenya shangazi mbele yake huku tukichambua mboga za chinsaga, naye akitabasamu akidhani tunarudia masomo? Na siku yangu ya kwanza shuleni, mwalimu aliponiuliza baba yangu anafanya kazi gani, nikajibu kwamba anapika na kunyonyesha? Katika lugha ya kwetu neno "baba" maana yake ni mama, nami sikujua kwamba kwa Kiswahili mambo yamegeuzwa. Darasa lilicheka, nikafunga mdomo mpaka muhula ukaisha. Wewe ulikuja kunichukua langoni, ukasikia habari, ukaniambia: "Basi kuanzia leo wewe niambie polepole, mimi nitasema kwa sauti." Tukawa hivyo miaka yote. Mimi chini, wewe juu. (Na katika barua hii nikisema Baba, ni yule wa Kiswahili.)

Nikuambie yaliyobadilika. Wimbi limevunwa. Pareto ya kule juu imekauka vizuri kwenye mikeka. Moraa amejifungua msichana, na mumewe, kaka yetu Ombati, amempa mtoto jina lako, kama ilivyopasa. Sasa mtu akiita "Kerubo" uani Mama hugeuka haraka, kisha huinama kana kwamba alikuwa akitafuta kitu chini. Ng'ombe wako mwenye pembe iliyopinda bado yuko zizini. Ndiye peke yake aliyebaki katika wale walioletwa kwa mahari yako, kwa sababu mguu wake ulikuwa mbovu siku wenzake walipoondoka. Chai tunayokunywa ni ya maziwa yake.

Na esigani amerudi.

Ni yule yule, Mzee Nyaribo, mshenga aliyepita kati ya nyumba yetu na ya Ondieki ulipoposwa. Safari hii hakuja kwa njia kubwa. Alipita kwenye migomba na mwavuli wake, akasalimia "Bwakire" kabla hatujamwona, akala ugali wa watu wawili, akaomba na wa tatu. Nilipomletea maji ya kunawa alinitazama miguu. Alimwambia Mama: "Huyu mtoto hutembea kama paka, hata mlango haumsikii. Nyumba yenye mwanamke wa namna hii hulala vizuri." Mama alikuwa ameshika kifuniko cha sufuria. Kilimponyoka.

Baadaye, alipokwisha kuondoka, Baba alituita na kutuambia maneno aliyoyaleta. Wakwe zako wa Mosocho wanasema umekufa bila kuzaa. Desturi unaijua: mke akifa bila kuacha mtoto, ng'ombe waliomwoa wana deni mgongoni. Warudi, ama nyumba ile ipewe dada mwingine achukue mahali pake.

Dada mwingine ni mimi.

Nilitazama mikono ya Ombati. Alikuwa akiutengeneza mpini wa jembe uliokuwa hauna kasoro yoyote. Moraa alikuwa mlangoni na mtoto kifuani. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Ng'ombe wako ndio waliomwoa Moraa. Wewe ulikwenda Mosocho, wao wakaja kwetu, kisha wakapanda kilima kwenda kwa kina Moraa, Keroka, na huko kaka yake akawachukua akaoa nao. Ukivuta kamba moja, nyumba tatu zinaanguka. Unakumbuka Moraa alivyokuwa akikuosha miguu ulipokuja kutembea, ukimkataza, naye akisema, "Niache, wewe ndiwe uliyenifungulia mlango huu"? Siku hiyo ya esigani alinitazama mimi kwa macho hayo hayo, na nikatamani ardhi inifunike.

Ombati alinifuata mtoni kesho yake. Alisimama ng'ambo akisugua matope kwenye viatu.

"Nyaboke," akasema, "mimi sikuombi kitu."

Kisha akaenda. Angeniomba ningeweza kukataa.

Kerubo, mimi nilijua kuhusu biashara hii. Niliisoma. Nilikusimulia nilipokuja kwako likizo ile, ulipokuwa ukikaanga ndizi, kuhusu mchezo tulioutayarisha mwaka wetu wa mwisho. Mchezo wa zamani sana, wa nchi ambayo mwalimu alituonyesha kwenye ramani kwa ncha ya rula. Kuna baba mchuuzi wa vitambaa ana binti, na wanaume wawili wanamtaka. Mmoja ana nyumba mjini, wa pili atamsamehe yule baba deni lake. Baba anamwuliza huyu, "Na wewe utaongeza nini?" Anageuka kwa mwingine, "Na wewe utaongeza nini?" Binti amejificha nyuma ya pazia anasikia yote. Watu ukumbini walicheka mpaka wakashika mbavu, wazazi waliokuja nao wakacheka. Mwishoni mjomba ambaye hakuna aliyemjua anatokea na urithi, binti anaolewa na kijana anayempenda, na pazia linafungwa.

Mimi sikuigiza. Nani angenisikia? Mwalimu alinipa kazi ya kukaa nyuma ya pazia na kitabu, nimkumbushe mwigizaji anayesahau. Alinifundisha mara nyingi, maana mwanzoni nilikuwa nikiwasomea sentensi nzima kwa hofu. "Usimsemee," alisema. "Mpe neno la kwanza tu, polepole, kwa sauti yake mwenyewe. Yaliyobaki ni yake, atayatoa." Nikawa hodari. Gesare, aliyekuwa baba mchuuzi, alisahau maneno yake usiku wa mchezo mara tatu au nne na hakuna mgeni aliyejua.

Kabla ya mchezo mwalimu alikuwa ameandika ubaoni, Ndoa na biashara. Akatuuliza kama mambo haya yamekwisha duniani. Wengi walisema yamekwisha kule, hapa bado. Gesare akanyoosha mkono: "Mwalimu, lakini katika vitabu vingine vya kule baba ndiye anayetoa mali ili binti achukuliwe. Huku anayetaka binti ndiye anayetoa. Sasa nani amemwona binti kuwa mzigo?" Darasa likapiga kelele. Mwalimu akacheka, akafuta ubao.

Nilipokusimulia wewe hukucheka. Uliuliza, "Huyo baba alikuwa analima pareto?" Nikasema hapana, anauza vitambaa. Ukasema, "Ndiyo maana. Mtu wa vitambaa akishauza, kitambaa hakirudi kumsalimia." Ukageuza ndizi. Kisha ukasema maneno ambayo nimeyabeba tangu hapo: "Mimi sikuuzwa, Nyaboke. Aliyeuzwa ndugu zake hawaji kumtembelea. Wale ng'ombe wakiwa kwenu, mume akiinua mkono hukumbuka njia ya kwenu. Ubaya si ng'ombe. Ubaya ni mtu kuficha sehemu ya mapatano."

Sasa nifike kwenye sehemu iliyofichwa.

Nilikuwa nawe. Mtihani ulikuwa umekwisha na Mama alinituma nikusaidie kuchota maji na kuni mpaka upate mtoto. Mchana ule mvua ilipiga mabati hata tukawa tunasemezana kwa ishara. Ondieki alikuwa mjini Kisii na mzigo wa ndizi. Mama mkwe wako alimwita mkunga, nao wakaniambia nitoke, maana msichana ambaye hajaolewa hakai chumba hicho. Wewe ulinishika kiganja, ukasema, "Akitoka yeye nami natoka." Wakaniacha. Nilikaa nyuma yako nikikushika mgongo. Ulinibana vidole mpaka vikafa ganzi, nami nilifurahi kwamba kuna kitu naweza kukufanyia.

Mtoto alitoka, ni mvulana. Hakulia. Alikuwa na rangi ya majivu. Uliuliza, "Ni nini?" na kabla mtu hajakujibu kichwa chako kilinilalia begani, na damu ikaja, damu nyingi, mkunga akaanza kupiga kelele vijana watafute gari. Kila mtu alikuwa upande wako. Mama mkwe wako peke yake alimchukua mtoto, akamweka mapajani, akampangusa uso kwa kanga yake, akaanza kumwita majina. Unajua inavyofanywa kwa mtoto anayekataa: huitwa waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, mpaka mmoja akubali kurudi. Akamwita mjomba wake. Kimya. Akamwita babu wa Ondieki. Kimya. Nilimwona akisita. Kisha akataja jina ambalo hajawahi kulitaja mbele ya mtu tangu alipoolewa, jina la marehemu mumewe mwenyewe. Alisema, "Marube, kaa nasi."

Na mtoto akalia, Kerubo. Mara moja, sauti nyembamba kama mlango mkavu, kisha tena, kwa nguvu.

Wewe ulikuwa umeshaniachia vidole. Sijui kama ulimsikia. Hilo ndilo linalonichoma kila nikilala.

Lori walilolipata vijana lilifika ukiwa umekwisha kwenda. Marube aliishi mpaka ng'ombe walipotolewa kwenda malishoni kesho yake. Alinyonya maji ya sukari kwenye kidole changu. Mvua ilikuwa bado inanyesha na Ondieki hajarudi, barabara ya kutoka mjini ilikuwa imekatika. Wanawake wale wawili wakamzika wenyewe nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kama wanavyozikwa watoto wachanga, wanaume hawaitwi. Mama mkwe wako aliniosha mikono na kuniambia: "Jina lile tumelisikia watatu. Lisitoke hapa. Watu wakijua mwenye boma alirudi akatazama ndani, kisha akageuka, watasema nyumba hii imekataliwa." Ondieki aliporudi mama yake alimwambia mtoto alitoka kimya.

Kwa hiyo Ondieki hadanganyi. Nataka ulijue hilo, maana ulimpenda. Yeye hajui.

Baada ya esigani kuondoka nilimwambia Mama yote, jikoni, kwa kunong'ona. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilidhani atakimbia kwa Baba. Akasema, "Neno la chumba cha uzazi halitolewi na msichana. Ukilitoa wewe watauliza ulikuwa ukitafuta nini mle, na midomo yao itahamia kwako. Aliyezaa ndiye husema. Mkunga ni mtu wao, hatawataja. Aliyebaki ni yule mama, naye amefunga mdomo." Nikamwomba aende Mosocho wazungumze, mama kwa mama. Akaenda. Mama mkwe wako alimpokea vizuri, wakalia pamoja, na kila Mama alipokaribia neno lile mwenyeji alisimama kwenda kutazama chungu. Mama alirudi na ndizi nyingi na mikono mitupu.

Wakaja siku ya Jumapili. Ondieki alivaa koti lile la harusi. Alikuwa na mzee wao mwenye kofia ya sufu, na Mzee Nyaribo na mwavuli wake, na mama yake, kwa sababu ng'ombe walitoka nyumba yake na hawawezi kujadiliwa akiwa hayupo. Kwetu walikaa Baba, Baba Mkubwa Sagwe na Ombati. Mama na Moraa walibaki jikoni. Mimi nilipewa birika.

Nitakuandikia walivyosema, maana ungependa kusikia, na ungekuwepo ungewajibu.

"Kunyweni chai," Baba Mkubwa alisema. "Neno halipiti kwenye koo kavu."

Mwenye kofia akasema, "Sisi hatukuja kudai. Tumekuja kukumbushana. Mtu akiazima jembe, likavunjika kabla hajapanda hata mbegu moja, mnafanyaje kwenu?"

"Kwetu jembe halina mama anayelilia," akajibu Baba Mkubwa. "Tena sikumbuki kuazimana. Nakumbuka harusi. Wewe mwenyewe ulicheza mpaka kofia hiyo ikaanguka kwenye mchuzi."

Wakacheka kidogo. Mzee Nyaribo akaingia upesi kabla kicheko hakijapoa: "Wazee, tusifike kwenye majembe. Ng'ombe wako mbali, kuwarudisha ni kuwafukuza watu ndani ya nyumba zao. Njia ya pili ni nyepesi. Nayo ndiyo hii inayotumiminia chai."

Wote walinitazama. Nilimwaga kidogo kwenye sahani.

Ondieki alikuwa akitazama viatu vyake. Amekonda. Alisema bila kuinua macho, kama mtu anayesoma kitu alichoandikiwa: "Na kwa kuwa amesoma mpaka kidato cha nne, hatutakuja mikono mitupu. Akipata ualimu, mshahara utazisaidia nyumba zote mbili. Tutaongeza."

Nilimtazama Baba. Nilikuwa namngojea. Huyu ndiye aliyeuza pareto yote mwaka mzima ili nilipiwe karo, huyu ndiye aliyenibeba mabegani siku ya Uhuru tukaone ngoma Nyamira, wewe ukishika shati lake kwa nyuma. Nilikuwa na hakika atasema kitu.

Baba akakohoa. Akauliza, "Mtaongeza nini?"

Kerubo, yalikuwa maneno yale yale. Nimeyasikia ukumbini mara nyingi hata nayajua pumzi zake. Lakini hapa hakuna aliyecheka. Ombati aliweka kikombe chini kama kinamchoma. Nami nikafahamu kwamba nimesimama kwenye ule mchezo, na kwamba kwetu hakuna mjomba atakayekuja na urithi. Wajomba wetu wote nawajua na wote wanadaiwa.

Walianza kutaja. Ndama, shilingi, blanketi la Mama. Mwenye kofia akasema kwamba wanatoa vyote hivi ingawa nyumba yao imepata hasara, maana marehemu aliondoka bila kuacha hata alama ya mguu.

Mama mkwe wako alikuwa ameketi karibu na mlango, kwenye kigoda. Yeye ndiye wa mwisho kupewa chai. Nilipomfikia nikaona kwamba aliposikia "alama ya mguu" alifungua mdomo, kisha akaufunga. Akaufungua tena. Nimekaa nyuma ya pazia muda wa kutosha, ninajua mtu aliyesahau maneno anavyokuwa na mtu anayeyajua lakini hawezi kuyaanza. Huyu alikuwa wa pili.

Niliinama nimpe kikombe. Uso wangu ulikuwa karibu na kitambaa chake cha kichwa. Nikasema polepole, kwa sauti yake mwenyewe ya mchana ule wa mvua:

"Marube."

Alikipokea kikombe. Hakunitazama. Nilibaki nimeinama, sikuongeza neno. Mwalimu alisema yaliyobaki ni yake. Ndani yangu nilikuwa nikimwomba, mama, yatoe, yatoe. Chai ilimwagika vidoleni mwake, ya moto, naye hakushtuka.

Kisha akasema, si kwa nguvu, lakini nyumba nzima ilisikia: "Marube, kaa nasi."

Ondieki aliinua kichwa. "Mama?"

"Mwanao alikataa kulia," alimwambia. "Nikamwita kwa jina la baba yako. Akaitika."

Mwenye kofia ya sufu alivua kofia. "Umesema aliitika?"

"Mara mbili. Akakaa mpaka ng'ombe wakatoka. Yuko nyuma ya nyumba yangu, kwenye migomba. Mimi ndiye niliyemfunika." Akaanza kulia, machozi ya mtu mzima yasiyo na sauti. "Niliogopa watu. Niliogopa waseme amerudi akatukataa."

Ondieki alisimama, akatoka nje, tukamwona kupitia mlangoni amemshika shingo yule ng'ombe wako mwenye pembe iliyopinda, na koti lake la harusi likipanda na kushuka mgongoni.

Baba Mkubwa ndiye aliyeanza, na hakushangilia. Alisema taratibu, "Aliyeitwa kwa jina la mwenye boma, akaitika, ni mtu. Kerubo alizaa. Kuna mtu hapa atakayemwambia Marube kwamba hakuwahi kuja?"

Hakuna aliyethubutu. Nani angemkana marehemu kwa jina lake, mjane wake akiwa ameketi pale? Mwenye kofia akasema ng'ombe walale walipolala. Akasema pia kwamba ni aibu kwao mtoto mwenye jina kulala bila baba yake kujua, watakwenda wakamwonyeshe na kuweka jiwe. Waliondoka kabla chai haijaisha. Mama mkwe wako alinipitia mlangoni, akanishika kifundo cha mkono, akakibana kama ulivyokuwa ukikibana wewe. Hakusema asante, wala hakunilaumu. Nadhani alilala vizuri usiku ule kwa mara ya kwanza.

Moraa alikaa chini jikoni na miguu imenyooka kama mtoto, akamnyonyesha Kerubo mdogo, akacheka na kulia. Ombati alikwenda shambani na lile jembe na akalima mpaka giza.

Baba hakuniambia neno siku mbili. Ya tatu alinikuta nikikamua, akasimama kando ya zizi. "Nani alikufundisha kumnong'oneza mtu mzima?" akauliza. Nikasema, shuleni. Akamkuna ng'ombe shingoni. "Basi karo ile haikupotea," akasema. Kisha, akiwa amenipa mgongo: "Lile swali nililouliza. Nilikuwa namtafutia Ombati nafasi." Niliendelea kukamua. Bado linaniuma na yeye anajua. Lakini ameniambia nipeleke maombi ya chuo cha ualimu, na ameuza mbuzi wa nauli.

Na usicheke. Mzee Nyaribo amepita masokoni mpaka Keroka akitangaza kwamba binti mdogo wa boma letu huonekana kimya lakini ana ulimi chini ya ulimi, mwenye kutaka mke aangalie. Gesare ameniandikia kwamba bei yangu imeanguka kuliko ya pareto. Nimeiweka barua yake kwenye sanduku. Nikiisoma nacheka peke yangu.

Hata hivyo nimefikiri sana, Kerubo. Sijui kama nitaolewa. Nikiolewa, sitakataa ng'ombe; ulinifundisha kazi yao. Lakini sitakuwa nyuma ya pazia wakitajwa. Nitakaa palepale, kwenye kigoda, na mtu akisahau sehemu ya mapatano nitamkumbusha, na siku hiyo nitajaribu kusema kwa sauti. Hiyo ni ahadi ya kwanza. Ya pili ni ya Kerubo mdogo. Atakwenda shule, nami nitamngoja langoni siku ya kwanza.

Jumapili ijayo mimi na Mama tunakwenda Mosocho. Jiwe limeshawekwa. Nitaikunja barua hii ndogo kabisa na kuifukia kati yenu wawili, wewe upande wako wa nyumba na yeye kwenye migomba, mahali ambapo yeyote kati yenu akiamka kwanza ataikanyaga.

Lala, dada yangu. Sasa hakuna anayekudai. Uliuliza, "Ni nini?" na hatukuwahi kukujibu. Ni mvulana. Alikuwa na vidole virefu kama vyako. Asubuhi ile ukisikia mtoto analia karibu nawe usitafute mama yake, ni wako. Mwite Marube. Analijua jina lake, ataitika.

Mdogo wako,
Nyaboke